Ajenti na Ufa Uliolala

Kwenye simu yangu ameandikwa "Ajenti" tu. Kwa zaidi ya miaka ishirini sikumwita kwa jina lingine, wala sikusikia mtu mwingine akimwita. Wapangaji walimwita Ajenti, wenye nyumba walimwita Ajenti, na hata kanisani mchungaji akitaka atoe salamu alisema, "Ajenti, simama utusalimie." Ukitafuta nyumba Nakuru hii, kuanzia Langa Langa mpaka Lanet, mtu wa kwanza uliyemuuliza alikuuliza kama umeongea naye.

Leo ukimtaja, watu hutikisa vichwa. Wanasema alimwingiza mama wa watu kwenye nyumba iliyokuwa inazama, akijua inazama. Sivyo ilivyokuwa. Mimi ndiye niliyemdanganya, halafu nikanyamaza akipoteza jina lake. Nina miaka sabini na mmoja, na kila nikiandika habari hii nikafika kwenye karatasi moja, mkono unasita. Uzee hauhusiki. Ni mshtuko ambao haujaniisha. Nilitunza stoo ya kiwanda miaka thelathini bila kupoteza hata nati moja. Sikujua kwamba mtu kama mimi anaweza kufanya jambo kama lile kwa utulivu, asubuhi, baada ya kunywa chai.

Lakini nianze na yeye mwenyewe.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, raba nyeupe miguuni hata siku za harusi. Mkobani mwake mlikuwa na funguo labda sitini, na hakuna hata mmoja uliokuwa na namba. Kila ufunguo ulifungwa kitambaa cha pazia, chekundu, cha maua, cha mistari, naye alijua kila kitambaa ni cha nyumba gani. "Nikiandika namba, siku mkoba ukiibiwa nimempa mwizi mji mzima," alisema. Aliwashauri na wenye nyumba wafanye hivyo, na wabadilishe kufuli kila mpangaji anapohama, hata kama ni mpangaji wanayempenda.

Nilikutana naye nikitafuta nyumba ya kupanga, Dan wangu akiwa bado mdogo. Alitupeleka mimi na mke wangu mahali penye vigae sakafuni na mwanga mzuri. Nikaanza kusifu.

"Umeuliza maji?" akasema.

"Mwenye nyumba anasema ana kisima chake. Maji hayakatiki."

Uani palikuwa na msichana akiruka kamba. Ajenti akamwita. "Kuja, mrembo. Cheka nione."

Mtoto akacheka. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye madoa kama kuta zilizomwagikiwa chai.

"Umezaliwa hapa?"

"Eeh."

Ajenti akanigeukia. "Mwenye nyumba hajadanganya. Maji hayakatiki. Lakini yana madini yanayotia meno rangi hii. Kama unaleta mtoto ambaye meno yake ya utu uzima hayajaota, uwe na tangi la maji ya mvua ya kunywa, au twende tukaone nyingine."

Tukaenda tukaona nyingine. Nilishangaa, kwa sababu sikuwa nimewahi kuona mtu wa kuuza akimwondoa mnunuzi dukani.

Ndivyo alivyokuwa. Alipenda kuonyesha nyumba mvua ikinyesha, maana siku ya jua haikwambii chochote kuhusu paa. Alifungua mifereji yote pamoja na kuvuta choo papo hapo. "Mwenye nyumba atakufungulia mmoja, utaona maji yanaruka, utafurahi. Fungua yote uone kama tangi linaweza." Alifungua kabati za jikoni akanusa, si kutazama. Alizima taa na kuziwasha. Halafu aliwaacha watu ndani akaenda kuongea na yeyote aliyekuwa akianika nguo, kwa sababu anayeanika nguo hana cha kuuza. Kutoka kwake alijua kama stima inakatwa, kama jirani wa juu anasaga mahindi chumbani, kama mwenye nyumba huingia bila kubisha.

Siku ya kuhamia alitusimamia tupige picha za kila chumba, kila mkwaruzo, kila kioo chenye ufa, na kuzituma kwa mwenye nyumba kabla hatujafungua hata boksi moja. "Mkihama, hamtabishana nani alivunja sinki." Tulipohama miaka mingi baadaye hatukubishana.

Asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mwongo wa kawaida, na uwongo wake ulikuwa maarufu. Kila nyumba kwake ilikuwa dakika tano kutoka steji ya matatu. Niliwahi kutembea naye dakika tano kama hizo kwa dakika thelathini na tano, jasho likinitoka. Mtu wa bodaboda akamwambia, "Ajenti, hizo dakika zako ni za ndege!" Naye akamjibu bila kusimama, "Wewe ungekuwa na haraka hungekuwa umekaa hapo tangu asubuhi."

Uwongo wake mwingine ulikuwa wa namna yake. Wenye nyumba wengi hawakutaka kumpangisha mwanamke asiye na mume. Mwanamke kama huyo akija, Ajenti alimwambia mwenye nyumba, "Mume wake anafanya kazi Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Hurudi mwisho wa mwezi." Ikaenda hivyo miaka mingi. Siku moja kwenye harusi, nikiwa nimekaa karibu nao, mzee mmoja mwenye ploti ya vyumba kumi na viwili akamshika mkono.

"Ajenti, nikuulize. Hiyo Olkaria ina wanaume wangapi? Ploti yangu nzima waume wako Olkaria, na sijawahi kuona hata kofia ya mmoja."

"Mvuke ule una kazi nyingi, mzee."

"Hata Krismasi?"

"Krismasi ndiyo watu wanawasha taa zaidi."

Mzee yule alicheka mpaka akatokwa machozi, na hakumfukuza mpangaji hata mmoja.

Kuhusu ardhi, hata hivyo, hakufanya mzaha wala hakudanganya. Sisi wa hapa tunajua udongo wetu. Ni majivu ya milima ya zamani, mwepesi, na chini yake maji yana njia zake ambazo hakuna anayezijua. Mvua ikizidi, shamba linafunguka bila kelele, barabara inakatika katikati. Na sisi tuna dawa yetu moja: lori la kifusi, simiti juu, rangi juu ya simiti. Mafundi huita kazi hiyo kufunga ufa. Mwenye nyumba anakwambia kwa fahari, "Ufa ulikuwepo, lakini nimeufunga."

Ajenti alilichukia neno hilo. "Usiniambie umefungwa," alisema. "Niambie umelala au unatembea."

Alikuwa na goroli mkobani, ya kioo, ile watoto wetu huita bano. Kwenye nyumba yenye shaka aliiweka katikati ya sakafu na kuisindikiza kwa macho. Ikitulia, sawa. Ikianza safari kuelekea kona moja peke yake, alifunga mkoba. Nilimwona akikataa nyumba ya ghorofa mbili, mpya, mwenye nyumba akiwa amesimama pale na suti, kwa sababu ya bano lililotoka sebuleni mpaka bafuni bila kusukumwa.

Na kama ulikuwa na ufa, alikufundisha kuupima kwa njia isiyohitaji fundi. Unakata kipande cha gazeti, unakibandika juu ya ufa kwa uji mzito wa ngano, kisha unaandika tarehe juu yake kwa kalamu. Unakiacha mvua ndefu ipite na mvua fupi ipite. Kikibaki kizima, ufa umelala, unaweza kuupiga plasta na kuishi. Kikipasuka, unatembea, na hapo huiti mtu wa rangi. Unaita mtu anayejua ardhi, na huweki binadamu mle ndani. Alitembea kwenye nyumba za watu akisoma vipande vya magazeti ukutani kama daktari anayesoma kadi ya mgonjwa.

Nilipokaribia kustaafu nilinunua ploti nje kidogo ya mji, upande wa Njoro. Sikumwita. Nilijiambia mimi ni mtu mzima, nimesoma mpaka kidato cha nne, naweza kutazama ploti. Alipopata habari aliniuliza tu, "Uliongea na jirani?" Nikamwambia nimeongea. Nilikuwa nimemsalimia. Jirani huyo huyo ndiye aliyeniambia, nyumba ikiwa tayari na mabati juu, kwamba pale jikoni kwangu palikuwa na shimo ambalo mwenye shamba alilijaza kwa trekta misimu miwili mfululizo.

Mke wangu ndiye aliyeuona ufa kwanza, hatujahamia. Ulianzia chini ya dirisha la jikoni ukashuka mpaka sakafuni. Akasema yeye halali kwenye nyumba hiyo. Tukabaki mjini tulikopanga, na mimi nikaamua nyumba tuipangishe.

Nilimpigia Ajenti. Akaja, akatazama, akasema tubandike karatasi tatu, moja jikoni na mbili kwenye nyufa ndogo za sebuleni, halafu tungoje mvua zote mbili. Ilikuwa Machi. Nikaandika tarehe kwa mkono wangu, mwandiko wa stoo, ulionyooka: 12 Machi.

Mwezi wa tano karatasi ya jikoni ilipasuka katikati.

"Baba Dan," mke wangu akasema, "ile ya jikoni imepasuka."

"Ni unyevu."

"Unyevu umepasua moja ukaacha mbili?"

Nikatoka nje. Mke wangu si mtu wa kuuliza mara ya pili, na niliitumia tabia yake hiyo.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi ya siku ambayo Ajenti alikuwa aje na mpangaji, nilitangulia peke yangu. Niliibandua karatasi iliyopasuka nikakwangua mabaki yake kwa kijiko. Nikajaza ufa kwa simiti nyeupe. Nikapika uji wa ngano kwenye jiko la mafuta, nikakata kipande kipya cha gazeti, nikakibandika, na juu yake nikaandika 12 Machi. Kisha nikachovya kidole kwenye chai ya rangi niliyobeba kwenye chupa, nikaipaka karatasi ile ili izeeke. Nilisimama nyuma nikaitazama na kuridhika nayo, kama mtu aliyepanga rafu vizuri. Hilo ndilo linalonishtua zaidi ya uwongo wenyewe: niliridhika.

Ajenti akaja na mwanamke kijana, fundi cherehani, mama wa mtoto wa miaka mitatu. Jina la mtoto ni Abigael.

"Na huyu mume wake yuko Olkaria?" nikamtania Ajenti.

"Huyu ni wa kweli!" akacheka. "Nimeona kofia yake."

Mama Abigael naye akacheka bila kujua tunachekea nini. Ajenti akasoma karatasi mbili za sebuleni, ambazo zilikuwa nzima kwa haki. Akaingia jikoni. Alisimama mbele ya ile ya tatu kwa muda mrefu kidogo, akaigusa kwa ncha ya kidole. Akaingiza mkono mkobani, kisha akautoa mtupu.

"Umelala?" akaninong'oneza.

"Umelala."

Akamgeukia Mama Abigael. "Ufa umelala. Mzee huyu ninamjua."

Mvua ndefu iliyofuata ilikuwa kali. Simu yangu ililia asubuhi mwendo wa saa nne. Nilipofika, jikoni hapakuwa na sakafu. Kulikuwa na shimo la futi nne kwa futi tano lenye kuta za majivu laini, na chini yake giza ambalo maji yalikuwa yakiingia bila kujaa. Mama Abigael alikuwa amezama mpaka kwapani, akajishika kwenye fremu ya mlango hadi majirani walipomtoa kwa ngazi na kamba. Mtoto alikuwa kwa jirani. Nashukuru kwa hilo kila siku, na kila siku naona haya kushukuru.

Walimlaza kwenye mlango uliong'olewa. Nyonga yake ilikuwa imevunjika. Nilifungua mwavuli nikamkinga mvua, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini. Hapo ndipo Ajenti akafika akikimbia, zile raba nyeupe zikiwa zimejaa matope.

"Wewe!" Mama Abigael akapiga kelele. "Wewe ulisema umelala! Ulinitazama machoni ukasema umelala!"

Watu wakageuka. Simu zikatolewa. Mwanamke mmoja akapiga mkoba wa Ajenti ukaanguka, na funguo zote zikamwagika kwenye tope na vitambaa vyake vya mapazia. "Unakula na wenye nyumba! Unatuuza!" Ajenti hakuinama kuziokota. Alinitazama. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na neno moja lingetosha. Nikatazama paa.

Video ile ilizunguka mji mzima. Kwa wiki mbili wenye nyumba walimpigia Ajenti mmoja mmoja wakitaka funguo zao. Mimi nilikodi gari la jirani kumpeleka Mama Abigael hospitali, nikalipa, nikamtembelea na matunda. Alilia akinishika mkono. Alisema mwenye nyumba mwingine angekuwa amekimbia. Kanisani kwake waliniombea kwa jina, mzee mwema aliyedanganywa na ajenti. Nilikaa kwenye benchi lile nikasikia maombi yale mpaka mwisho, nikasema amina.

Niliwahi kwenda kumtafuta Ajenti, mwaka wa kwanza. Sitasema nilienda kukiri, kwa sababu sijui. Nilifikiri atakuwa na nyumba nzuri, mtu aliyeshika funguo za mji. Nikaelekezwa mtaa wa Free Area, kwenye vyumba viwili vya mbao vya kupanga. Alikuwa amehama. Jirani akanionyesha ndani, maana mlango ulikuwa wazi. Kulikuwa na alama ya mduara sakafuni palipokuwa na beseni, na juu yake bati lenye kutu na tundu. "Alikaa hapa miaka kumi na tisa," jirani akasema. "Kila mvua tulimsikia akisogeza beseni." Mtu aliyewakataza mamia ya watu wasikubali hata dari lenye doa alikuwa amelala chini ya tone lile lile miaka yote hiyo. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda alikuwa akitafutia watu, na kila nyumba njema iliyopita mkononi mwake aliona kuna mtu anayeihitaji zaidi.

Mwaka huu Dan wangu alihamia kwenye nyumba zilizozungushiwa ukuta, zenye geti moja na kibanda cha mlinzi. Nilienda kumwona Jumamosi, saa sita mchana. Kibandani alikuwa amekaa mwanamke mwenye sweta ya buluu, daftari la wageni mbele yake.

"Kitambulisho, mzee."

Nikampa. Alikisoma, kisha akainua macho.

"Baba Dan."

"Ajenti."

"Hapa naitwa Madam Geti." Alisema kwa sauti ile ile ya haraka. "Umekuja kwa nani?"

"Kwa Dan. Amepanga namba kumi na nne."

"Kumi na nne ni nzuri. Choo cha wageni kinavuja kidogo, mwambie asikubali wakipake rangi." Akasukuma daftari. "Andika."

Niliishika kalamu nikashindwa. "Ajenti, ile karatasi ya jikoni..."

"Ilikuwa na ofa za Krismasi," akasema.

Sikuelewa. Gari lilipiga honi nyuma yangu. Akainuka, akainua chuma cha geti, akampungia dereva, akarudi akakaa.

"Juu umeandika Machi. Chini yake gazeti linatangaza ofa za Krismasi. Niliisoma siku ile ile, Baba Dan. Nikajiambia, labda ni gazeti la Krismasi iliyopita, watu huweka magazeti. Mkono wangu ulikuwa umeshashika goroli mle mkobani. Halafu nikafikiri, nikiiweka chini hapa, mbele ya mpangaji, nitakuwa nimemwita mzee huyu mwongo jikoni kwake. Miaka ishirini mke wako ananipa chai. Nikaiachilia."

Nilishika ukingo wa dirisha. Miaka yote nilikuwa nimebeba kwamba nilimdanganya. Sikuwa nimedhani kwamba alikuwa ameniheshimu.

"Kwa nini hukusema? Siku ile, mbele ya watu?"

"Niseme nini? Kwamba nilishuku na bado nikamwingiza? Hiyo ni mbaya kuliko wanayosema." Akapangusa daftari kwa kiganja. "Nilingoja useme wewe. Mwaka wa kwanza nilingoja kila siku. Wa pili nikawa nasahau kungoja. Sasa hivi nilikuwa nimesahau kabisa, ukanipa kitambulisho."

"Nisamehe."

"Mimi na wewe tutaongea, tuna siku. Mama Abigael anatembea na fimbo, na anadhani anajua ni nani wa kulaumu. Mimi natoka saa nane."

"Nitakuja kesho, nipate..."

"Leo," akasema.

Nilimpigia Dan nikamwambia chakula wasiningoje. Nilikaa kwenye jiwe nje ya geti mpaka saa nane, nikitazama akiandika majina ya watu.

Mama Abigael sasa anaishi kwenye ploti ya vyumba kumi, cherehani yake mlangoni. Aliponiona uso ulichangamka. "Baba Dan! Karibu, Mungu akubariki." Kisha akamwona aliye nyuma yangu. "Huyu naye anafuata nini? Huyu sikumkaribisha."

"Nimekuja naye," nikasema. "Mama Abigael, simamisha cherehani."

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Karatasi iliyopasuka mwezi wa tano. Kijiko. Uji. Tarehe. Chai niliyoipaka kwa kidole. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika kitambaa chini ya sindano.

"Ulinishikia mwavuli," akasema.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa ninajua."

"Nimekuombea miaka minne." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu kitu kizito akikitua. "Mtoto wangu anakuombea. Anakuita guka, babu yake." Akamgeukia Ajenti. "Na wewe?"

"Karatasi niliitilia shaka," Ajenti akasema. "Sikupima. Hilo ni langu, nimekuja nalo."

Mama Abigael alichukua fimbo yake akainuka. Nilidhani ananifukuza, na ningetoka. Alipita katikati yetu mpaka uani, nyonga moja ikibaki nyuma kila hatua, akasimama penye mfereji.

"Mama Njeri! Mama Chebet! Nyinyi wote, tokeni kidogo!"

"Kuna nini?"

"Tokeni tu!"

Wakatoka, mikono ikiwa na povu, mmoja akiwa na mwiko, wengine wakibaki kule kwenye kamba ya nguo. Walikuwa kama tisa. Wakamtambua Ajenti, na mmoja akasonya.

"Hawa wote nimewaambia ni huyu," Mama Abigael akaniambia. "Kila mtu aliyeniuliza kuhusu mguu wangu nimemwambia ni huyu. Nilimtaja mbele ya watu. Wewe utamtoa lawamani mbele ya watu."

Nilitazama nyuso zile ambazo sikuzijua, nikasema jina langu, nikasema nyumba ile ilikuwa yangu, nikasikia sauti yangu ikiwa ndogo kama ya mtu aliye chumba kingine.

Ajenti alikuwa amesimama kando ya ukuta, mikono nyuma.

"Sauti, Baba Dan," akasema. "Wale wa kwenye kamba hawakusikii."

Nikaanza upya.